Shajara ya mradi: picha ya ukoo wa bibi, kutoka kompyuta hadi ukutani Mvumi

Jumamosi, 27 Desemba

Jana, siku ya pili ya Krismasi, tulipiga picha ya ukoo nyumbani kwa bibi mzaa mama, Mvumi, nami nimekabidhiwa kazi yote iliyobaki: kuitengeneza katika kompyuta, kuipeleka studio mjini Dodoma isafishwe kwa ukubwa wa A3, kuitia fremu na kuitundika sebuleni kwake. Tuko watu 19, kuanzia bibi mwenyewe aliyeketi katikati hadi kitukuu cha miezi minne aliyepakatwa na mama yake. Bibi amesema jambo moja tu, na amelisema mara mbili: anataka kumtambua kila mtu bila kuuliza. Jicho lake la kushoto lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la kulia bado lina ukungu. Ombi lake ndilo kipimo cha mradi mzima. Naandika shajara hii ili kila namba nitakayoibadilisha iwe na sababu yake, na nakala za ndugu wengine zisianzwe upya.

Tatizo kubwa nalijua tangu jana. Nilitaka tupige saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, lakini waliotoka mbali walitaka kuondoka mapema, tukapiga saa saba kasorobo. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, ilhali Dodoma iko karibu na nyuzi 36, kwa hiyo jua la hapa hufika juu kabisa zaidi ya nusu saa baada ya saa sita. Kwa maneno mengine, tulipiga picha wakati ule ule ambao jua lilikuwa kileleni, na mwishoni mwa Desemba kilele hicho hukaribia nyuzi 73 kutoka usawa wa ardhi. Mwanga wa namna hiyo huangukia paji la uso, pua na mabega, na kuyaacha macho kwenye mashimo ya giza. Kivuli cha mbuyu kilitusaidia nusu tu, kwa kuwa waliosimama pembeni walibaki juani.

Jumapili, 28 Desemba

Nimelifungua faili ghafi la kamera, yaani lile ambalo halijabanwa, kwa programu ya darktable, kisha nikalihamishia programu ya GIMP kwa biti 16. Binamu yangu aliuliza kwa nini nisitumie ile picha iliyokwisha kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ile ni JPEG iliyopunguzwa ukubwa na kubanwa, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Ukiivuta sehemu ya giza kwenye JPEG, unavuta ngazi chache zilizobaki humo, na shavu la mtu hutoka na mabaka kama ukuta uliopigwa rangi mkono mmoja.

Kabla ya kugusa chochote nimeshughulikia kioo cha kompyuta. Kilikuwa kwenye mwangaza wa juu kabisa, na kioo kinachowaka hivyo humdanganya mtengenezaji, kwa sababu kinatoa mwanga chenyewe ilhali karatasi hurudisha tu ule unaoiangukia. Sina kifaa cha kupimia kioo. Nimeshika karatasi nyeupe kando yake, mbali na dirisha, nikapunguza mwangaza mpaka ukurasa mtupu kwenye kioo ukafanana na karatasi iliyo mkononi. Mara tu baada ya hapo picha ilionekana ya giza kuliko jana, na hiyo ndiyo hali yake halisi.

Histogramu, yaani mchoro unaoonyesha picha ina giza na mwanga kiasi gani, inasema vivyo hivyo. Kuna vilima viwili, kimoja upande wa giza na kingine upande wa mwanga, na bonde pana katikati. Kipima mwanga cha kamera hutafuta wastani wa kijivu, na kilipoona anga, gauni jeupe la bibi na mashati ya wajukuu, kikapunguza mwanga wa picha nzima. Nimeandika vipimo vitatu nitakavyovifuatilia hadi mwisho, kwa kipimo cha 0, yaani weusi kabisa, hadi 255, yaani weupe kabisa: uso wa mjomba chini ya kofia yake ya pama una wastani wa 42, lesi ya gauni la bibi iko kati ya 232 na 250, na doa la jua kwenye shavu la mama mdogo lina 246, wakati ngozi inayolizunguka ina 88.

Jumatatu, 29 Desemba

Leo nimejaribu njia ambayo wengi huanza nayo, yaani vitelezi viwili vya mwangaza na kontrasti, nami nimeiacha. Naandika hesabu yake kwa kuwa hesabu ndiyo inayoonyesha sababu.

Mwangaza, katika umbo lake la kawaida kabisa, huongeza kiasi kile kile kwenye kila nukta ya picha. Nikiongeza 30, uso wa mjomba unapanda kutoka 42 hadi 72, jambo zuri, lakini lesi iliyokuwa kati ya 232 na 250 inatakiwa ifike kati ya 262 na 280, na hakuna namba inayozidi 255. Yote inakuwa 255. Maua ya lesi aliyoyachagua bibi mwenyewe yanageuka kuwa bamba jeupe lisilo na kitu, na kwenye karatasi sehemu hiyo haitapata hata tone la wino.

Kontrasti, yaani umbali kati ya giza na mwanga, huvuta kila nukta kuikimbia 128 ya katikati: iliyo juu inapandishwa, iliyo chini inashushwa. Nikiizidisha kwa 1.2, uso wa mjomba ulio chini ya katikati kwa 86 unasukumwa chini kwa 103, na kuishia 25. Ndiyo kusema kitelezi ambacho watu hukivuta ili picha ikolee kinamzamisha zaidi yule ambaye tayari haonekani. Katika ukoo wetu nyuso nyingi ziko chini ya 128 hata kwenye mwanga mzuri, kwa hiyo karibu kila mtu angelipia gharama ya anga kukolea. Siwezi kuukubali mpango huo.

Jumatano, 31 Desemba

Kazi ya siku mbili, na naona ndiyo kiini cha mradi.

Nimetumia kitelezi cha katikati kwenye chombo cha ngazi, kile kinachoitwa gama. Huacha 0 na 255 mahali pake na kupinda vilivyo kati, hivyo giza hupanda sana na mwanga hupanda kidogo. Kwa gama ya 1.3 uso wa mjomba umetoka 42 ukafika 64, wakati lesi imetoka kati ya 232 na 250 ikawa kati ya 237 na 251. Maua bado yapo, nami nimeyakagua kwa kukuza picha mara mbili: kila petali ina ukingo wake.

Lakini kupanda kwa wastani peke yake hakumfanyi mtu aonekane. Mjomba ni mweusi wa kung'aa, na sura yake huchorwa na ule mng'ao: mfupa wa shavu, mgongo wa pua, mstari wa taya. Kabla ya marekebisho, sehemu ya giza kabisa ya uso wake ilikuwa 24 na ya mwanga kabisa 61, tofauti ya 37 tu. Baada ya gama zikawa 41 na 85, tofauti ya 44. Uso mzima umenyanyuka, lakini bado ni tambarare. Kwa hiyo nimetengeneza tabaka jingine, yaani marekebisho yanayolala juu ya picha, nikaliwekea barakoa inayofunika picha yote isipokuwa uso wake na shingo, nikapinda mstari wa toni humo, ule unaopanga giza na mwanga vitoke vipi, mpaka giza likarudi 38 na mng'ao ukafika 108. Tofauti sasa ni 70. Weusi wake umebaki ule ule anaoujua kila mtu Mvumi, na sasa anaonekana ananyanyua nyusi upande mmoja, kama afanyavyo anapotaka kusema jambo.

Ukingo wa barakoa umenichukua saa nzima. Ukiwa mkali, uso huonekana umekatwa gazetini na kubandikwa. Ukiwa mlaini mno, ukingo wa kofia nao hunyanyuka na kupoteza weusi. Nimeulainisha kwa pikseli 40 kwenye shingo na 12 tu chini ya pama, ambako kivuli halisi chenyewe kina mpaka.

Kisha mama mdogo. Jua lilipenya kwenye majani ya mbuyu likamwangukia shavuni doa moja, ukubwa wake kama sarafu ya shilingi mia ukilinganisha na uso wake. Jicho la mtazamaji linakimbilia pale kabla ya kumwona yeye. Faili ghafi lilikuwa bado na ngozi ndani ya doa hilo, vinyweleo kabisa, kwa hiyo nimelishusha hadi 205 na kuinyanyua ngozi ya jirani hadi 110. Sikulifuta. Madoa mengine mawili ya begani kwake nimeyaacha kama yalivyo, maana picha ilipigwa chini ya mbuyu na mbuyu uonekane hata katika mwanga wake.

Jambo moja zaidi la leo: kila nilipoongeza kontrasti kwenye rangi zote tatu kwa pamoja, udongo wetu mwekundu uligeuka chungwa, na wekundu unaoakisiwa na ardhi chini ya videvu ukazidi hadi watoto wa mbele wakaonekana wamepakwa rangi. Nimeibadilisha namna ya tabaka ili marekebisho yaguse mwanga peke yake na kuiacha rangi ilivyo. Udongo umerudi kuwa udongo wa Dodoma.

Ijumaa, 2 Januari

Jaribio la kwanza la karatasi, katika studio moja ya mjini, limekataa. Nilimpa fundi faili kwenye fleshi, akanisafishia nakala ya sentimita 10 kwa 15. Nilitarajia itoke ya giza kidogo kuliko kwenye kioo. Sikutarajia kwamba uso wa bibi na wa mama mdogo ungekuwa na weupe wa kijivu, huku kivuli chote cha chini ya mbuyu kikiwa kimefunuliwa kama mchana wa pili. Nilipouliza, fundi alinieleza kwa upole kwamba mashine imewekwa ijirekebishe yenyewe, na kwamba yeye huongeza kidogo mwangaza wa nyuso kwa kuwa wateja wengi hupenda kutoka weupe.

Simlaumu kijana huyo; amekuta desturi na anaifuata. Ila desturi yenyewe ina historia. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa Shirley kwa jina la mmoja wa waliopigwa mwanzo. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, na sura za watu wengine wote zikalazimika kuufuata mwanga wake. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Mashine ya leo haina kadi hiyo, lakini bado kuna mtu anayeiambia uso mzuri ni upi, na mkono wangu na wa fundi ndiyo mikono hiyo. Kunyanyua kivuli ili mtu aonekane ni kazi ya lazima. Kubadilisha rangi ya ngozi aliyozaliwa nayo ni kumweka mtu mwingine kwenye picha yetu, na bibi hatamtambua.

Tumekubaliana azime marekebisho ya mashine na aache faili langu lipite kama lilivyo. Nakala ya pili ilitoka na rangi sahihi, lakini ya giza, kama nilivyohofia.

Jumapili, 4 Januari

Badala ya kubahatisha, nimeandaa karatasi moja yenye kanda tano. Kila ukanda una nyuso tatu zile zile, za mjomba, mama mdogo na bibi, zikitofautiana gama tu: 1.0, 1.15, 1.3, 1.45 na 1.6. Nyuma ya kila ukanda niliandika namba kwa kalamu. Baada ya ibada nikapanda daladala hadi Mvumi, kwa sababu mwanga wa studio una taa nyeupe tatu juu ya kaunta, na picha haitaishi kwenye kaunta.

Sebule ya bibi ina dirisha moja dogo na mlango, na mlango ndio unaoleta mwanga mwingi. Nilibandika karatasi ukutani kwa gundi ya karatasi, nikarudi nyuma hatua tatu. Ukanda wa 1.3, ambao kwenye kioo changu niliuona umekamilika, pale ukutani ulikuwa wa jioni. Nilimwamkia bibi aliyetoka jikoni, akaitikia, akauliza, "Mume wangu, umeniletea watu wangapi leo?" Nikamwambia wale wale watatu, mara tano, achague.

Alisogea karibu hadi pua ikakaribia kugusa karatasi, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akapita ukanda kwa ukanda bila haraka. Alirudi kwenye ukanda wa nne.

"Hapa mjomba wako ananitazama," alisema. "Kwenye hizi nyingine amefumba macho."

Nilikwenda kuangalia mwenyewe. Ni kweli: kwenye ukanda wa tatu weupe wa jicho na kope vilikuwa vimeungana kiasi kwamba mtu mwenye macho mazima angejaziliza kwa kumbukumbu, lakini jicho la bibi halijazilizi. Ukanda wa tano nao aliukataa, akisema umepauka kama khanga iliyoanikwa sana. Nikamwomba aangalie tena saa kumi na moja jioni, mwanga wa mlangoni ulipopungua, akaonyesha ule ule wa nne.

Jumanne, 6 Januari

Nimeingiza gama ya 1.45 kwenye faili lote. Wastani wa uso wa mjomba kabla ya tabaka lake ni 74 sasa, na lesi iko kati ya 239 na 252, yaani bado ina nafasi ya ngazi 13 kwa maua yake. Gharama iliyojitokeza ni kwamba vitu vilivyostahili kuwa vyeusi vimefifia, hasa kofia ya pama na mpasuko wa shina la mbuyu, na picha ikikosa weusi wa kweli hata nyuso hupoteza mahali pa kusimama. Nimeushusha mwisho wa giza wa mstari wa toni mpaka sehemu nyeusi kabisa ya kofia ikarudi 8, bila kugusa chochote kilicho juu ya 35. Tabaka la mjomba nimelipunguza nguvu hadi asilimia 70, kwani sehemu ya kazi yake imekwisha kufanywa na gama mpya.

Nimechagua karatasi isiyong'aa. Ile ya kung'aa hutoa weusi mzito zaidi, na kwa mezani ningeichukua, lakini ukuta wa bibi unatazamana na mlango, na picha ya kung'aa chini ya kioo cha fremu ingemwonyesha mlango wake mwenyewe kila asubuhi.

Kuhusu ukataji: kamera inatoa pikseli 6000 kwa 4000, na umbo la A3 halilingani na hilo, hivyo upana lazima ushuke hadi 5657. Kati ya pikseli 343 za kuondoa, nimetoa 60 tu kushoto, aliposimama binamu yangu mikono kiunoni, na 283 kulia, ambako palikuwa na ua wa mbuzi. Zinabaki karibu pikseli 342 kwa kila inchi, zaidi ya 300 ambazo fundi anahitaji.

Alhamisi, 8 Januari

Fundi ameisafisha jana jioni, marekebisho ya mashine yakiwa yamezimwa, na nikaiacha ilale usiku mmoja nje ya bahasha ili wino utulie kabla ya kuingia kwenye fremu. Leo saa nne asubuhi nimeitundika.

Bibi alisimama mbele yake muda mrefu kisha akaanza kutaja majina kuanzia kushoto, akimgusa kila mtu kwa ncha ya kidole juu ya kioo. Alitaja 18 bila kusita. Kwa yule binti wa binamu yangu aliyekuwa nyuma, nusu ya uso wake ikiwa imefunikwa na bega la mtu, alinyamaza, akauliza ni nani. Sehemu hiyo sikuipa tabaka lake. Niliiona ni ndogo nikaipita. Nimepima sasa kwenye faili, na ngozi yake ina 51 mahali ambapo bega lililo mbele yake lina 58, kwa hiyo viwili hivyo vimeshikana na kuwa kitu kimoja. Nimeandaa barakoa ya uso huo ili kuutenganisha na bega, na fundi atatoa nakala nyingine Jumamosi. Hii iliyopo nitaitoa kwenye fremu na kuipeleka kwa mama mkubwa, Kondoa, ikiwa atairidhia.

Kwake lakini dirisha ni pana na jioni kuna taa ya umeme juu ya ukuta wenyewe, na huenda 1.45 ikawa nyingi. Zile kanda tano zipo kwenye bahasha, nitamtumia kesho asubuhi na mtu anayesafiri, abandike kwanza.

Bibi ameomba pia msumari ushushwe shubiri mbili, kwa kuwa saa nyingi huiangalia akiwa ameketi. Nimeushusha.